Jumatatu ya Mikono

Kila Jumatatu asubuhi, kabla moto haujawashwa, tulikuwa tunakaa kwenye mabenchi mawili nyuma ya nyumba yetu pale Uvira na kuweka mikono mezani, viganja vikitazama juu. Tulikuwa wanne. Mke wangu alikuwa mkataji wa sabuni. Mpishi wa sabuni alikuwa mwanamume mnene wa bonde la Ruzizi, mzaliwa wa upande wa Mutarule, ambaye Kiswahili chake kilikuwa na Kirundi ndani. Muuzaji wetu alikuwa mjane wa jirani, mwenye meza sokoni. Mimi nilikuwa shefu, mkubwa wa kazi.

Jumamosi kila mmoja alikuwa amepewa kipande cha sabuni iliyokuwa inangoja kutoka. Alikwenda kufulia nguo za nyumba yake, kwa maji yale yale anayotumia siku zote. Jumatatu alileta mikono. Kama ngozi ya mmoja wetu imekauka au imechanika kati ya vidole, sabuni ile haikwenda sokoni. Ilirudi kichanjani kulala tena. Tulisema “kulala” kwa sababu sabuni ya mawese ikitolewa kwenye kasha bado ina ukali wa soda ya kupikia, na ukali huo hauondoki kwa nguvu za mtu. Unaondoka sabuni ikiachwa kivulini, penye upepo, majuma kadhaa, bila kuguswa.

“Shefu, hii mikono yako imeshika kalamu,” mpishi alikuwa ananiambia. “Haijashika hata kaptura moja.”

“Nimefua shati.”

“Shati gani? Hiyo uliyovaa? Mama shefu, tuambie ukweli.”

Mke wangu alinyoosha shingo akatazama kola yangu. “Shati amefua,” alisema. “Kola aliniachia miye.”

Mjane alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitenge, na kazi ya juma ikaanza hivyo.

Desturi hiyo aliileta mke wangu. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, sehemu ya biashara, nikaandika mizigo kwenye depo moja ya bandari ya Kalundu mpaka depo ikafungwa. Nilijua bei za vitu na nilidhani huko ndiko kujua biashara. Tulipoanza sabuni nilitaka aina tatu: ya kufulia, ya kuogea yenye manukato, na ndogo ya watoto, iliyofungwa kwenye karatasi nzuri. Karatasi yenyewe nilikuwa nimeshaichora, na maua. Nilitaka ionekane kwenye vioo vya maduka ya Bujumbura.

“Weye utaoga na sabuni tatu?” mke wangu aliniuliza.

“Watu wa Bujumbura wanapenda kitu cha kunukia.”

“Basi wanukie huko kwao. Nani amekuambia wanatungojea siye?”

“Na hapa nani ametungojea?”

“Twende tuulize.”

Tulikwenda ufukweni, pale mto Mulongwe unapoingia ziwani, wanawake wanapofua juu ya mawe. Nilikuwa nimeandaa maswali. Aliniomba nisiyaulize kwanza, nikae tu. Tulikaa asubuhi nzima. Niliona kwamba mwanamke akisugua nguo moja anaweka sabuni juu ya jiwe lililolowa, na akirudi kuichukua imekwisha kuwa ute. Mmoja alikuwa akiifunga kwenye pindo la kitenge kila mara, mwingine anaishika kwa meno. Hawakuwa wanatafuta harufu. Walikuwa wanatafuta sabuni isiyokwisha kabla ya nguo.

Tulirudi nyumbani na kitu kimoja cha kufanya: mche mgumu wa kufulia, wenye chumvi kidogo ndani na usingizi mrefu. Karatasi yenye maua niliiweka chini ya godoro. Siku hizi kuna vijana hapa mjini wanaotengeneza vitu vya kwenye simu, na mmoja, mtoto wa jirani, aliniuliza mtu anayeongoza bidhaa na watu wake hasa anafanya nini. Nilimsimulia asubuhi ile ya kwenye mawe. Nilimwambia kwamba siku hiyo ndiyo niliyoongoza vizuri kuliko siku zangu zote, na kazi yangu yote ilikuwa kufunga mdomo. Alidhani natania.

Sabuni ilishika. Akina mama walileta mawese kwenye vidumu kutoka Makobola na vijiji vya barabara ya Fizi, soda ilikuja kwa baiskeli kutoka mpakani, na mjane alikuwa anamaliza meza yake kabla ya mchana. Mpishi alitaka tuongeze rangi ya bluu. Mimi nilitaka muhuri wa jina letu. Yote hayo tuliyasema baada ya mikono, na mengi tulikubaliana kuyaacha.

Lakini ninapokumbuka miaka ile sikumbuki mauzo. Namkumbuka mke wangu akikata. Alikuwa anashika waya uliofungwa vijiti viwili, anauweka juu ya mche, anatulia kidogo kama mtu anayesikiliza, halafu anaushusha kwa pumzi moja. Baada ya kila mkato alipangusa waya kwenye kitambaa begani. Nywele zake zilinuka mawese hata Jumapili, hata kanisani, na nilikuwa naona aibu kukaa karibu naye kwenye benchi la mbele. Sasa nikipita mahali wanapochemsha mafuta nasimama. Watu wanadhani nimechoka.

Vita ya kwanza ilitupita juu. Tulipanda milimani, tukashuka, tukakuta pipa la kupikia liko palepale, limejaa maji ya mvua. Ya pili ilipokuja haikuondoka. Watu wa bonde walihama vijiji vyao wakaja kulala mjini, kwenye madarasa ya shule na kwenye makanisa. Wengine walikuwa ndugu za mpishi wetu. Shangazi yake alikuwa analala chini ya ubao wa darasa, na watoto wa pale walikuwa wameota upele.

Ndipo akaja kijana mmoja wa shirika la msaada, na gari na haraka yake. Alitaka sabuni kwa ajili ya watu wale, nyingi kuliko tulizopata kupika, na alizitaka kabla ya siku ya kugawa vyakula. Nilihesabu kichwani. Kupika tungeweza, tukiwasha mapipa mawili. Kulala ndiko kusingewezekana.

Nilikubali nikiwa bado nimesimama mlangoni. Sikuwaita wenzangu hata kuwauliza.

Nilijiambia ni kwa ajili ya watu wa bonde, na ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli pia kwamba niliona gari lile limesimama mbele ya nyumba yangu na majirani wanalitazama, na moyo wangu ukapanuka. Nilikuwa nimeingoja siku kama hiyo tangu depo.

“Haitalala,” mke wangu alisema.

“Italala njiani.”

“Njiani wapi? Kutoka hapa mpaka shule?”

Shule ilikuwa inaonekana kutoka mlangoni kwetu. Mpishi alijaribu kutopendelea upande, akashindwa.

“Mama shefu, watu wako na upele. Waache wapate hata hiyo.”

“Weye unajua sabuni ikiwa mbichi inafanya nini.”

“Ninajua. Na ninajua shangazi yangu anafua na majivu.”

“Majivu hayamuunguzi.”

Nilikata maneno kama shefu. Nilisema mpaka komande ya shirika iishe hakutakuwa na vipande vya Jumamosi wala kikao cha Jumatatu. Tutaanza na moto. Nilisema mikono tutaitazama baadaye. Nilikuwa mpole nilipokuwa nasema, na nadhani upole ule ulikuwa mbaya kuliko kelele, kwa sababu haukumwachia mtu mahali pa kunijibu.

Jumatatu iliyofuata niliwakuta mpishi na mjane wanapanga kuni. Mke wangu alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi. Aliweka mikono mezani. Alikuwa amefulia nguo za watoto wetu wawili kwa sabuni ile, bila kuniambia, na ngozi ilikuwa imechubuka mpaka kwenye vifundo. Katikati ya kidole gumba na cha shahada palikuwa wazi, pekundu.

Wote wawili waliacha kuni wakatutazama. Ningeweza kukaa. Benchi la pili lilikuwa karibu na goti langu.

“Hiyo mikono si ya kiriya anayenunua,” nilimwambia. “Kiriya wetu sasa ni shirika, na shirika halijalalamika.”

Aliiondoa mikono taratibu, akaifunga kwenye kitenge.

“Sawa, shefu,” alisema.

Alikata sabuni siku ile yote, na siku zilizofuata, amevaa matambara vidoleni. Alikuwa ameniita shefu mara nyingi, kwa utani, akiwa na chumvi mkononi, akiwa na mtoto mgongoni. Kuanzia siku ile aliniita shefu kwa sababu nilikuwa shefu.

Tulizimaliza kwa wakati. Kijana wa shirika alinishika mkono akasema Uvira ina watu wa kazi. Siku ya kugawa nilivaa shati jeupe nikaenda kutazama, nikaona watu wa bonde wamepanga foleni, na kila aliyetoka alikuwa na mche wetu kifuani. Nilikaa pale mpaka mwisho. Sitasema kwamba sikufurahi.

Kabla ya juma kwisha mpishi alikuja na shangazi yake, mwanamke mrefu mwenye mvi. Mpishi alikuwa amemshika mkono juu ya kiwiko, kama unavyomshika mtu asiyeona.

“Shefu, msalimie shangazi,” alisema.

Nilinyoosha mkono. Yule mama alikunja vidole vyake ndani akanipa kifundo cha mkono, kama mtu aliyekutwa anakula. Nilikishika kifundo kile. Halafu mama yule aliniuliza habari za watoto wangu, nami nikajibu ni wazima, akashukuru Mungu, wakaondoka. Mpishi hakurudi kazini. Nilipomkuta njiani tulisalimiana vizuri, akaniuliza habari ya kazi kana kwamba hajawahi kuifanya.

Wanawake wengine walirudisha miche yao mpaka kwenye ua wetu. Waliiweka chini, wakaondoka bila kunitukana. Ilikuwa heshima kubwa kuliko niliyostahili.

Nilikwenda kwa kijana wa shirika nikamwambia mimi mwenyewe kwamba sabuni ilikuwa mbichi, na kwamba nitaitengeneza upya bila malipo. Nilidhani hapo nimekuwa mtu tena. Niliwasha moto, nikapika peke yangu, nikapanga miche mipya vichanjani. Ilikuwa inalala juma lake la kwanza tuliposikia milio ya bunduki kutoka upande wa kaskazini, na mitumbwi ya injini ikaanza kupakia watu kwenda Kigoma.

“Twende,” mke wangu alisema.

“Siwezi kuiacha hivi. Nimewaahidi watu. Safari hii nitaiacha ilale mpaka mwisho.”

Alikuwa anafunga sufuria ndani ya blanketi. Aliacha kufunga.

“Sasa ndiyo unataka ilale?”

Nilijua kwamba ninataka kuwaonyesha watu kitu, na kwamba yeye pia analijua hilo. Nilibeba mzigo wao mpaka majini. Mjane alikwenda nao. Mke wangu aliingia na watoto, akakaa karibu na ubavu wa mtumbwi, akaweka mikono yake majini ipoe.

“Utakuja?”

“Nikimaliza.”

“Ukimaliza,” alisema, akamgeukia mtoto mdogo aliyekuwa analia.

Hakuna aliyekuja kuichukua sabuni. Shirika lilikuwa limeshahama mji siku ile ile. Waliokuja walikuwa na silaha. Walichukua sabuni, mapipa, na vichanja vyenyewe kwa kuni. Niliwatazama nikiwa nimekaa chini, mikono kichwani kama walivyotaka. Kitu kilichoniumiza wakati ule kilikuwa cha kijinga. Niliona sabuni ile imekauka vizuri sana.

Muda mrefu ulipita kabla sijavuka. Niliugua, njia ilifungwa, ikafunguka, ikafungwa. Nilipofika Kigoma nilipanda kamiyo ya mizigo mpaka kambi ya wakimbizi, nikaulizia mama wa Uvira mwenye watoto wawili. Walinijibu, yule wa sabuni?

Nilimkuta chini ya turubai pamoja na wanawake wengine, wamekaa kuzunguka sanduku lililogeuzwa, mikono yao juu yake. Alikuwa amekonda. Aliniona, lakini hakusimama mpaka walipomaliza. Kisha akaja, akapiga goti kidogo kama tunavyosalimia, akaniletea maji ya kunawa na chakula. Watoto walinikimbilia. Usiku wa siku ile nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu Uvira.

“Huyu ni nani?” mmoja wa wale wanawake alimuuliza kesho yake.

“Baba watoto,” alisema. “Anajua kupika pia, kama anataka. Mwenye kupika wetu alihamishwa.” Kisha akanigeukia. “Unataka?”

Nilishika mwiko. Nilikoroga siku kadhaa. Siku moja niliwaambia wale wanawake kwamba vichanja vyao vimesongamana mno, hewa haipiti, na nikaanza kuvisogeza.

“Hapa tunasema baada ya mikono,” mke wangu alisema.

Alisema kwa sauti ya kawaida. Mwanamke mmoja kijana aliguna kicheko, akakimeza. Walikuwa wananitazama bila ubaya wowote, wananingoja tu niache na nirudi motoni, na mwiko ulikuwa palepale. Nilihisi masikio yananiwaka. Mimi niliyekuwa shefu, niliyeshikwa mkono na watu wa magari, niripoti kwa mke wangu chini ya turubai mbele ya watu.

Nilikaa siku chache tu baada ya hapo. Nilimwambia ninarudi Uvira kufungua upya atelye yetu ya sabuni, na nikiwa tayari nitawaita.

“Utatuita,” alisema. Halikuwa swali. Alinifungia mihogo na mche mmoja wa sabuni kwa safari, akanisindikiza mpaka kamiyo ilipokuwa. Hakunizuia. Kwa miaka nilimlaumu moyoni kwa hilo.

Uvira nilikuta kuta. Nilipata pipa moja, nikakosa soda. Nilipata soda, nikakosa watu. Vijana niliowaajiri niliwapangia kila kitu, wakaniachia kila kitu. Nilitengeneza sabuni ya kuogea yenye manukato. Ilinunuliwa na wachache.

Siku moja mama mmoja mchuuzi wa ndagala, dagaa wa ziwani, alishuka kutoka kwenye boti ya Kigoma, akanitafuta mpaka nyumbani. Alikuwa na ujumbe wa mdomo.

“Mama watoto anakusalimia. Anasema kama unakuja, uje mvua ikiisha. Kuna kazi ya mtu wa moto.”

“Ni hayo tu?”

“Ni hayo, papa. Nimeyashika vizuri, aliyarudia mara mbili.”

“Hakusema kingine?”

Yule mama alinitazama kwa huruma na uchovu. “Alisema nisisahau.”

Nilimwambia amjibu kwamba atelye iko karibu kuwa tayari. Atelye ilikuwa pipa na mabenchi. Nilikuwa nangoja ujumbe mwingine, wa mke kwa mumewe, wenye maneno ya mke kwa mumewe. Nilimngoja aniite mimi, mwenyewe, baba wa watoto wake. Mvua ilikwisha, ikaja nyingine. Ujumbe uliofuata haukutoka kwake. Ulisema homa ilimchukua kwa siku chache, na wanawake wa sabuni walimzika vizuri.

Watoto walirudi wakiwa wakubwa. Wananitunza. Binti yangu ana mikono ya mama yake, na hapendi niitazame sana.

Kwa muda mrefu niliwaambia watu kwamba hakuniita. Alikuwa ameniita. Alikuwa na watu wake, kazi yake, moto wake, na nafasi moja iliyokuwa wazi, akaipeleka ng'ambo ya ziwa kwa mdomo wa mchuuzi, akairudia mara mbili ili isipotee. Hilo ndilo lilikuwa neno la mke wangu, la mwanamke ambaye siku zote alisema anachohitaji na kuacha mengine. Mimi nilitaka aliseme kwa njia yangu.

Yule mama wa ndagala alikuwa na haraka siku ile aliponiletea ujumbe. Boti yake ilikuwa inarudi Kigoma baada ya kupakia unga, na nilimsindikiza mpaka majini nikiwa na mikono mitupu, nimevaa viatu. Walipakia mpaka jua likawa kichwani. Watu walipanda, wakasogeleana. Pembeni karibu na ubavu palibaki mahali pa mtu mmoja. Nilipaona. Nilisimama pale nikapaona mpaka boti ilipoondoka.